Hati mbili, ukuta mmoja, na dirisha lililokuwa la watu wote

Mpima alikuja na kipimio cha leza, kile kidogo kinachoenea kiganjani, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza ya Mama. Ilikuwa ramani ya ghorofa ya tatu, kama ilivyosajiliwa mwaka jengo lilipokamilika. Akaanzia chumba cha mwisho na kurudi taratibu kuelekea mlangoni: anaelekeza kidoa chekundu ukutani, anasoma namba, anaandika.

Alipofika pale mlangoni, tunapovua viatu, alisimama. Akapima. Akapima tena. Akatazama karatasi, akatazama dirisha, akarudi kwenye karatasi.

"Hapa zamani palikuwa nini?"

"Hapa ni nyumbani," nikamjibu.

Ndilo jibu lililonitoka. Pale ndipo nilipojifunza kusoma, chini ya lile dirisha, kwa sababu mwanga wake wa asubuhi haukuwa na mfano katika nyumba nzima. Mama alikuwa akiweka kiti chake pale kila alipokuwa na nguo ya kushona.

Mpima hakunibishia. Aliweka kidole kwenye ramani na kusema kwa upole, "Kwenye karatasi hapa ni korido."

Mita 3.2 kwa mita 1.4.

Ni wiki saba sasa, na sijaacha kuifikiria korido ile.

## Ukuta ulioanguka, na ule uliobaki

Baba alinunua fleti ya kwanza kabla sijazaliwa. Ya pili aliinunua jirani alipohama, nikiwa na miaka sita. Nakumbuka siku ukuta wa katikati ulipovunjwa: mafundi wawili, nyundo, vumbi lililoingia mpaka ndani ya madaftari yetu ya shule. Walimaliza kwa siku moja na nusu. Usiku ule mimi na dada yangu tulipita kwenye lile tundu tukienda na kurudi, tukienda na kurudi, hadi Mama akatufukuza tukalale.

Kuanzia siku hiyo nilijua tuna nyumba moja kubwa.

Baada ya Mama kufariki mwaka jana, tulifungua bahasha ya kahawia na kukuta hati mbili. Namba mbili, ramani mbili, tarehe mbili za kununua. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba fleti hizo ziliwahi kukutana. Kwa daftari la msajili, ukuta ule upo hadi leo, umenyooka, hauna tundu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma usiku, nikitafuta kuelewa inawezekanaje kitu kisiwepo machoni na kiwepo kisheria. Jibu lililonipa mwanga nililikuta katika sheria ya mfano ya kondominiamu, yaani majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe, iliyotungwa Marekani mwaka 1977 na kurekebishwa 1980, ile ambayo majimbo yalipewa yaichukue yakitaka. Sheria hiyo inamruhusu mtu aliyenunua fleti ya jirani kuondoa ukuta unaozitenganisha au kuutoboa mlango, hata kama ukuta wenyewe ni mali ya pamoja, mradi asidhoofishe jengo. Kisha inaongeza sentensi fupi ambayo niliisoma mara kadhaa: kufanya hivyo si kubadilisha mipaka.

Yaani nyundo haigusi hati.

Kuna jambo la pili ambalo sikulijua. Nilidhani kwamba ukimiliki pande zote mbili za ukuta, basi na ukuta ni wako. Si lazima. Inategemea mpaka wa fleti umewekwa wapi. Afrika Kusini mpaka hupita katikati ya unene wa ukuta, kwa hiyo nusu ya tofali ni yako na nusu ni ya mwenzako. Ufilipino, kwa sheria yao ya mwaka 1966, fleti huishia kwenye uso wa ndani wa ukuta. Unachomiliki ni nafasi iliyo ndani, na tofali zinazoizunguka ni za jengo. Kwa kipimo hicho, mtu anaweza kuwa na fleti mbili zinazopakana na bado akavunja mali ya watu wengine katikati ya sebule yake.

Mhandisi tuliyemwita alituambia ukuta wa Baba ulikuwa wa kujazia tu. Mzigo wa jengo umebebwa na nguzo za zege na mihimili. Nilishukuru, na papo hapo nikaona ubaridi mgongoni, maana nilijua Baba hakuwahi kumwita mhandisi. Juu yetu kuna ghorofa mbili, na ndani yake wanalala watoto.

## Nani achukue yenye jiko?

Tumezaliwa wawili tu. Hati ni mbili. Ndugu wengi walipotupa pole walisema hivyo hivyo, kama faraja: wazazi wenu wamewarahisishia, kila mmoja na yake.

Hati ya kwanza ni ya fleti yenye mita za mraba 61. Ya pili ni 47. Lakini jiko tunalotumia liko ndani ya ile ya 47, kwa sababu jiko la fleti ya kwanza Baba aliligeuza chumba cha kusomea na mabomba yake yakazibwa kwa saruji. Na chumba cha Mama, kile alicholala mpaka mwisho, kiko ndani ya mipaka ya ile ya 61, ila mlango wake unafungukia upande wa 47. Mlango wa zamani ulizibwa zamani sana. Ukigonga ukuta pale unasikia sauti tofauti.

Kwa hiyo "kila mmoja achukue yake" ingempa mmoja wetu nyumba isiyo na jiko na yenye chumba asichoweza kukiingia, na mwingine nyumba yenye mlango unaoelekea kwenye chumba cha mtu.

Njia ya pili ilikuwa kuziunganisha kihalali, kufanya kile ambacho Baba hakukifanya. Inawezekana, na kimsingi si kazi ya kutisha: mpima anachora ramani mpya inayoonyesha sehemu moja mahali pa mbili, mamlaka ya mipango miji inaidhinisha, umoja wa wamiliki wa jengo unaridhia kwa maandishi, madeni ya ada na kodi yanalipwa, hati mbili zinarudishwa kwa msajili, naye anafunga kurasa mbili na kufungua moja. Namba mpya. Tungekuwa wamiliki wawili wa kitu kimoja, nusu kwa nusu.

Nilipenda njia hiyo. Nilitaka nyumba ibaki kama nilivyoijua.

Dada yangu alinyamaza kwa siku mbili, kisha akanipigia. "Mdogo wangu," akasema, "mimi na wewe tunapendana. Watoto wetu je? Nusu ya kitu kimoja ndiyo wataigombania."

Niliumia, na nikajua amesema kweli. Mtu mwenye nusu isiyogawanyika hawezi kuuza wala kupangisha chumba chochote akasema hiki ni changu. Kila jambo linahitaji saini mbili. Siku mmoja akipata shida ya fedha, mwingine ama amnunue ama auze naye.

Nikamuuliza mpima: tukiunganisha leo, miaka kumi ijayo tukaona tumekosea, tutaweza kugawa tena?

"Kuunganisha kunataka saini," akasema. "Kugawa kunataka mabomba."

Maana yake ni hii. Kila kipande kinachotoka katika mgawanyo lazima kiweze kusimama chenyewe. Kiwe na mlango wake unaofikiwa kutoka eneo la pamoja, si kwa kupita ndani kwa mtu. Kiwe na jiko, choo, mita yake ya umeme, bomba lake la maji linalofungika bila kumkatia mwingine, na njia ya kukimbilia moto ukitokea. Mamlaka hupima hayo kabla ya kuangalia undugu wenu. Juu ya hapo, kuna mahali ambapo kugawa kunakuwa na mlango mwembamba kuliko kuunganisha: ile sheria ya mfano ya Marekani inaruhusu fleti igawanywe tu ikiwa waraka ulioanzisha jengo ulisema waziwazi kwamba inaruhusiwa. Kama waraka umenyamaza, jibu ni hapana.

Watu wengi huunganisha wakiwa na furaha, familia ikikua. Wanaofikiria kugawa mara nyingi huwa katika majonzi au ugomvi. Natamani utaratibu ungelikumbuka hilo.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo mpima aliichora kwa penseli pembeni ya karatasi yake bila kutuambia tuichague. Zibaki fleti mbili, lakini mstari kati yake usogee. Chumba cha Mama kitoke upande wa 61 kiingie upande wa 47. Mita za mraba 11. Fleti moja iwe 50, nyingine 58. Upande wangu lirudishwe jiko lililozibwa. Saruji itobolewe, mabomba bado yapo.

Dada yangu ndiye aliyemuuguza Mama ndani ya chumba kile, miezi minane. Sikuhitaji kufikiri sana. Nilichukua ile penseli nikaukoleza mstari.

## Desimali nne

Kuna kitu katika hati ya fleti ambacho watu hawakitazami, na mimi pia sikuwahi kukitazama. Chini ya eneo, chini ya jina, kuna namba ndogo yenye desimali. Hiyo ndiyo fungu lako katika vyote visivyo vyako peke yako: ardhi chini ya jengo, paa, ngazi, msingi, lifti kama ipo.

Jengo letu lina jumla ya mita za mraba 2,700 za fleti. Fleti ya 61 ina asilimia 2.2593. Ya 47 ina 1.7407. Ukizijumlisha unapata 4 kamili. Mstari ukisogea, zinakuwa 1.8519 na 2.1481. Jumla bado ni 4.

Niliukokotoa mgawanyo huo mara tatu usiku mmoja, na kila nilipofika kwenye ile 4 nilipata utulivu fulani. Tulikuwa tunagawana chetu. Hakuna mtu mwingine katika jengo ambaye fungu lake lingeguswa: ada yake ya mwezi ingebaki ileile, kura yake ileile, sehemu yake ya ardhi ileile ikiwa jengo litabomolewa siku moja. Ndiyo maana Afrika Kusini, kwa mfano, kugawa au kuunganisha fleti zako ndani ya mipaka yake, kwa upande wa wamiliki wenzako, kunahitaji idhini ya wadhamini wa jengo tu, yaani kamati waliyoichagua.

Kupanua fleti ni habari nyingine. Ukitaka mpaka wako uende nje, uingie kwenye eneo la pamoja, sheria hiyohiyo inataka azimio maalumu la wamiliki: asilimia 75, zikihesabiwa kwa vichwa na pia kwa thamani ya mafungu. Na mafungu yakibadilika kwa zaidi ya asilimia 10, wenye rehani, yaani waliokopesha kwa dhamana ya fleti, nao waulizwe.

Nilifanya hesabu ya pili. Korido yetu, 3.2 mara 1.4, ni mita za mraba 4.48. Tukiiongeza kwenye fleti yetu, jumla ya jengo inakuwa 2,704.48. Jirani mwenye fleti ya 75 anashuka kutoka asilimia 2.7778 hadi 2.7732.

Tofauti ni 0.0046. Mtu angesema si kitu.

Lakini ilikuwa yake, na sisi tumeikalia kwa miaka 26.

## "Nani atajua?"

Sitaki kumsema vibaya Baba. Korido ilikuwa inaishia pale. Mbele ya mlango wetu wa pili hapakuwa na mlango mwingine. Kwa macho ya mtu aliyemiliki pande zote mbili, kile kipande hakikuwa njia ya mtu yeyote. Alihamisha mlango wa mbele hatua chache nje, akapaka rangi, basi. Nadhani aliona ameokoa nafasi iliyokuwa inapotea.

Dada yangu alisema tuache. "Ramani mpya ichorwe ndani ya mipaka yetu, hati zitoke, na pale pabaki palivyo. Miaka yote hii nani amelalamika? Nani atajua?"

Mpima alikuwa na msimamo wake: yeye anachora anachokiona. Akikuta ukuta mahali ambapo ramani haina ukuta, ataandika. Lakini alitwambia pia kwamba tukitaka, tunaweza kuomba jengo lituuzie kipande hicho au litupe haki ya kukitumia peke yetu kikiwa bado mali ya wote. Majengo mengi hufanya hivyo kwa maegesho, roshani na stoo. Hiyo ingekuwa njia ya heshima, na kwa siku kadhaa niliamini ndiyo tutakayoifuata.

Ilikuwa lazima kwanza niwaulize walio karibu. Mlango unaotazamana na wetu anakaa mama mmoja, mzee sasa, aliyehamia kabla ya jirani yetu kuondoka. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Nilikuwa nimebeba ramani na namba zangu zote.

Hakutazama ramani. Alitoka akasimama koridoni, akanyoosha mkono kwenye taa ya dari.

"Hii huwa inawaka mchana, umewahi kuona?"

Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote.

"Zamani haikuwaka mchana, mwanangu. Kulikuwa na dirisha."

Sikuwa na la kusema. Taa ile inalipiwa na umoja wa wamiliki. Fleti nne za ghorofa yetu zinapita chini yake, na wamiliki wa jengo zima wanachangia bili yake kila mwezi kwa desimali zao nne. Dirisha lililonifundisha kusoma lilikuwa ndilo dirisha pekee la korido. Tuliposogeza mlango, hatukuchukua mita nne za sakafu tu. Tulichukua mchana.

"Mbona hamkusema?" nikamuuliza.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," akasema. "Alituchotea maji wakati pampu ilipoharibika. Mtu kama huyo utamgombeza kwa dirisha?"

Nilirudi ndani nikaketi pale pale, kwenye kiti cha Mama. Nimeketi pale mara elfu na sikuwahi kuona ninamkalia mtu.

Siku hizo nilikuwa nasoma kuhusu watu walivyoanza kumilikiana majengo kwa vipande. Sheria ya Warumi ilikuwa na kanuni kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Ghorofa kuwa na wenyewe wengine lilikuwa jambo gumu kuliingiza humo. Mwaka 1804, sheria ya kiraia ya Napoleon ililigusa suala hilo kwa kifungu kimoja, cha 664, na kifungu chenyewe kilizungumzia matengenezo. Mwenye ghorofa atengeneze sakafu anayoikanyaga. Mwenye ghorofa ya kwanza atengeneze ngazi zinazofika kwake. Wa pili atengeneze kuanzia hapo hadi kwake. Kuta kuu na paa zitengenezwe kwa gharama ya wote. Sijui kwa nini kifungu hicho kiliniingia moyoni namna ile. Labda kwa sababu kilifuata miguu. Unatunza unapopita. Leo sheria zetu zimekuwa nene, Uganda mwaka 2001, Tanzania 2008, Kenya ikaandika yake upya 2020, na zote zinazungumzia mali ya pamoja. Lakini swali ni lile la ngazi: nani anapita hapa?

Nilimpigia dada yangu usiku huo. Nikamwambia habari ya taa.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia anavyopumua.

"Mama alikuwa akishona pale," akasema.

"Najua."

"Turudishe," akasema.

## Kikao

Nilikwenda kwenye kikao cha umoja wa wamiliki nikiwa nimeandika barua ya ukurasa mmoja. Maombi yalikuwa mawili: idhini ya kusogeza mpaka kati ya fleti zetu, na ruhusa ya kuurudisha mlango wetu mahali pake kwa gharama zetu, pamoja na kupiga plasta na rangi kipande chote cha korido kitakachofunguka.

Nilitarajia hasira. Nilikuwa hata nimekokotoa nusu ya bili ya taa ile kwa miaka kadhaa ili nitoe kama wakidai.

Mwenyekiti alisoma barua kwa sauti. Kisha mwanamume mmoja wa ghorofa ya kwanza akauliza kama tunajua ni fleti ngapi nyingine zimemeza kitu. Roshani zilizozibwa kwa vioo, stoo za chini ya ngazi zenye kufuli. Ukimya ulioingia pale ukumbini ulikuwa mzito. Watu walitazama mikono yao.

Walitukubalia. Hawakudai bili. Katika kumbukumbu za kikao katibu aliandika mafungu mapya mawili, jumla 4.0000, na mimi nikasaini chini. Jambo moja dogo lilinichelewesha kusaini: nani anabaki na nafasi ya kuegesha gari. Hati ya kwanza ilikuwa na nafasi moja, ya pili haikuwa nayo, na ikiwa hatukutamka lolote nafasi ingebaki ikielea bila mwenyewe. Mnaogawa, tazameni hilo mapema. Tuliandika ibaki na fleti ya 50.

## Kurudisha ili upewe

Daftari la hati kama tunalolijua leo lina deni kwa Robert Torrens, aliyesukuma sheria ya mwaka 1858 huko Australia Kusini. Wazo lake lilikuwa kwamba umiliki utokane na kusajiliwa, kwa hiyo anayetaka kujua mali ni ya nani atazame ukurasa mmoja, asifukue mikataba ya babu na bibi. Wazo hilo lina upande wake mkali. Kilichobaki kwenye ukurasa kinabaki kikiishi, hata kama nyumbani kilikwisha zamani.

Kwenye ukurasa wa fleti ya pili kulikuwa na rehani.

Baba aliinunua kwa mkopo, akaulipa wote. Stakabadhi ya mwisho tuliikuta kwenye ile bahasha ya kahawia. Lakini hakuna aliyepeleka karatasi ya kuachilia rehani kwa msajili. Kwa daftari, benki ilikuwa bado ina mkono wake juu ya fleti, na mpaka hausogezwi bila ridhaa ya mwenye rehani, kwa sababu unabadilisha ukubwa wa dhamana yake. Wiki tatu kati ya hizi saba zimeishia hapo, kutafuta mtu wa kusaini kwamba deni lililolipwa limelipwa. Ningeweza kuandika makala nyingine kwa hizo wiki tatu tu, ila sina nguvu. Kama wazazi wako wako hai na waliwahi kukopa, waombe leo mtazame pamoja kama rehani ilifutwa.

Siku ya kupeleka hati, dada yangu alikuja nami. Sikujua atakavyopokea jambo hili: hati za zamani hubaki kwa msajili. Unazirudisha, zinafutwa, na mpya zinaandaliwa kwa namba mpya. Ya kwanza ilikuwa na saini ya Baba ya wino wa buluu, na pembeni alama ya kikombe.

Karani alizipokea, akahesabu viambatisho: ramani mpya yenye muhuri wa upimaji, idhini ya mipango miji, kumbukumbu za kikao, kibali cha madeni, barua yetu ya usimamizi wa mirathi, karatasi ya kuachilia rehani. Akagonga muhuri kwenye hati ya kwanza. Akanyanyua wa pili.

"Samahani," dada yangu akasema. "Naweza kuipiga picha kwanza?"

Karani aliigeuza ile karatasi imwelekee, akaisogeza karibu na dirisha palipokuwa na mwanga.

Hati mpya bado hazijatoka. Mlango wa mbele umesharudi nyuma. Jumatano fundi alipong'oa fremu na kuutoa ukuta ule mwembamba, nilikuwa nimesimama ndani, sikuona cha ajabu. Dirisha lilikuwa pale lilipokuwa siku zote. Nilipotoka koridoni ndipo nilipoona mwanga umefika mpaka ngazini, umelala sakafuni kama mkeka mrefu. Yule mama wa mlango wa mbele alikuwa ametoka. Alitazama, kisha akaenda kwenye swichi na kuizima taa.

Ukuta wa katikati umeanza kupanda pia, kwenye mstari mpya. Jana jioni ulikuwa umefika kifuani. Dada yangu alikuwa upande wa pili, ndani ya chumba cha Mama, anatafuta mahali kitanda kitakapokaa.

"Niazime hiyo futi," akasema.

Nikampitishia juu ya tofali.